Ami Aliyenisomesha

Baba alipofariki, mdogo wake, ami yangu, alijipa kazi ya kutuamulia kila kitu hapa Siyu, kijiji chetu cha kisiwani, isipokuwa tule nini, maana hilo lingemtaka alete chakula.

Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi chuo kikuu Nairobi, alikuja alasiri, akakalia kiti cha marehemu, akaeleza kwa kirefu kwamba msichana akipanda basi la bara harudi kama alivyoondoka. Akatia na hadithi moja ya Mtume ambayo mama, aliyesomesha madrasa miaka yote, hakupata kuisikia. Yeye mwenyewe bara yake iliishia Mokowe, pale tu mashua zinaposhusha abiria. Na mwanawe wa kiume, aliyepelekwa chuo Mombasa, alikuwa amerudi kabla ya muhula kwisha kwa kuwa wali wa huko haukumpendeza. Hilo hatukuambiwa ni aibu.

Mama alimwacha amalize chai. "Shemeji, nimekusikia," akasema. "Mwanangu atakwenda, nami nitakwenda naye."

Tukaenda. Mama alikaa kwa binamu yake Nairobi mpaka nilipozoea, kisha akarudi peke yake kwenye kijiji ambacho ami alishakitangazia, tena mlangoni pa msikiti, kwamba tumepotea.

Sitajisingizia kiu ya elimu. Muhula ule wa kwanza nililia bafuni, nikafunga begi mara mbili. Kila nilipofunga niliuona uso wa ami akinipokea gatini kwa ile huruma yake ya kujifurahisha, nikalifungua. Wengine husukumwa na ndoto. Mimi nilisukumwa na mtu nisiyetaka afurahi.

Leo ninafanya kazi hospitali huko Amu mjini. Mwaka jana nilipokuja likizo, ami alimleta binti yake. Kwanza aliwasimulia wageni wa mama jinsi alivyonihimiza nisome, bila haya wala kikohozi. Kisha akaniagiza nimwombee binti nafasi mtandaoni: uuguzi, kama wangu.

Nikamwambia ami akangoje barazani.

Binti aliinamisha kichwa. "Dada, mimi nataka sheria. Sijamwambia."

Tukaomba sheria. Ami alipouliza mambo yamekwendaje, nilimjibu amwulize mwenyewe. Hakumwuliza. Alikuwa ameshamgeukia jirani, anamweleza kwamba uuguzi kwa mabanati, watoto wa kike, lilikuwa wazo lake tangu zamani.