Nyamoita na Drafti ya Mjukuu

Nyamoita alikuwa amechoka, na si chai iliyomchosha. Kuchuma tangu umande haujakauka, kupanda mlima na kikapu mgongoni, hayo alishayazoea. Kilichommaliza ni mjukuu wake Machogu na drafti yake.

Mwaka wa sabini na nne vijana wa Ekerenyo walishikwa na mchezo huo wakasahau hata njaa. Ubao na vifuniko vya soda tu, lakini lo! Machogu akishinda, anaimba njia nzima. Akishindwa, hasemi na mtu, hagusi chakula, na chochote kilicho mbele yake anakipiga teke. Juzi alikipasua kibuyu cha maziwa cha mama yake. Baba yake, Ongeri, akaapa: akivunja kitu kingine, afungashe aende Kericho akachume chai ya watu.

Kumfuata ndani akamkalishe chini, Ongeri hangeweza. Kijana akishatahiriwa ana nyumba yake, esaiga, na baba mzazi hakanyagi humo. Ni aibu kubwa. Alibaki kufoka uani, anaugombeza mlango. Lakini nyanya huingia, hutania, tena humwita mjukuu mume wake. Basi mzigo ukamwangukia Nyamoita, na mgongo wake huo mbovu.

"Mume wangu," akamwambia Machogu, "unawafuata wachezaji wa sokoni kwa nini, na mimi mkeo nipo? Nifundishe."

Tangu hapo, kila jioni, miguu ikimwaka moto, Nyamoita aliketi esaiga akacheza. Mchezo aliujua upesi kuliko alivyoonyesha, akawa anashindwa kwa makusudi. Anaacha kete wazi, inaliwa, anapiga kelele, "Uuwi, umenimaliza!" Machogu anacheka, anakula ugali wake, boma linatulia. Jamani, kushindwa kila siku nako ni kazi!

Jioni moja alirudi kutoka shambani amelowa chapachapa. Macho yalikuwa yanajifunga, mkono ukajiendea wenyewe. Ukaruka kete moja, ya pili, ya tatu. Alipozinduka, ubao haukuwa na hata kifuniko kimoja cha Machogu.

Huko uani Ongeri alikohoa. Nyamoita alimsikia. Kijana anakwenda Kericho, aliwaza, na mimi ndiye niliyemtuma.

Machogu aliinuka, akaushika ubao kwa mikono miwili, akauinua juu.

"Kumbe unajua kucheza," akasema. "Nyanya, siku zote hizi ulikuwa unanihurumia?"

Nyamoita hakuwa na nguvu za kudanganya.

"Nilikuwa nakuogopa, mjukuu wangu. Hapa nyumbani sote tunakuogopa. Leo nimechoka hata kushindwa."

Ubao ulikuwa bado juu. Nyamoita akafumba macho, akingoja kishindo.

Hakikuja. Alipofumbua, Machogu alikuwa ameuweka ubao chini, amepiga magoti, machozi yanamtiririka, anapanga vifuniko upya, vya nyanya yake kwanza.

"Anza wewe," akasema. "Na usiniachie hata moja."