Okidi za Chumba cha Nyuma

Juzi niliingia benki moja pale Rohero, katikati ya mji, nikakuta okidi yenye maua meupe juu ya meza ya mapokezi, imesimama chini ya taa ya dari. Nikasahau kilichonipeleka. Moyo, ndugu yangu, ulikwisharudi kwenye mtaa wetu wa zamani, Jabe, kwenye chumba cha nyuma cha bibi yangu.

Chumba kile hakikupata jua. Kuta za majirani zilikibana, na bibi, kwa maumivu ya miguu, hakutoka sana. Okidi zake zilitoka kwenye mti ulioanguka kilimani kwao. Alizipanda katika vipande vya magome na mkaa, akazitundikia taa ndefu nyeupe zilizokuwa zikivuma mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa kukinga maji ya mvua kwenye beseni na kupangusa majani kwa kitambaa, huku harufu ya maharage ya mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga ikiingia kutoka uani.

Mwaka mmoja okidi yake kubwa kuliko zote, ambayo haikuwahi kuchanua, ikatoa vitumba. Wiki hiyohiyo transfoma ya mtaa ikaungua. Siku zikapita gizani, vitumba vikaanza kulegea, na bibi akawa anaacha chakula kwenye sahani. Ndipo jirani yetu, fundi wa magari, Mwislamu asiye na maneno mengi, akaja na batri ya gari na taa, akaiunganisha bila kuombwa na mtu.

Ikawa ndiyo taa pekee kiwanjani. Mama akaomba ihamishiwe sebuleni, maana mitihani ilikuwa karibu, na hata watoto wa fundi hawakuwa na pa kusomea. Nilijua bibi atakataa.

“Apana, watoto waje hapa,” bibi alisema. “Maua haiwezi kumaliza mwangaza yote.”

Basi kila jioni tulibanana sakafuni chini ya okidi, tukisoma kwa sauti, bibi akitusikiliza kitandani. Adhana ikilia, watoto wa fundi walitoka kuswali, nasi tukawashikia nafasi zao. Mitihani ilipokwisha, ua lilikuwa limefunguka, la zambarau, na koo lake la manjano. Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalikata, ua alilolingoja miaka yote ile, akamtuma mama alipeleke kwa mke wa fundi.

Bibi hayupo tena. Kiwanja kiliuzwa, chumba kikabomolewa, na sisi wa sakafuni tumetawanyika nchi hii na ile. Siku hizi umeme ukikatika, kila mtu huwasha simu yake, akakaa peke yake na mwanga wake.