Mheshimiwa Mwenye Uso wa Kaka

Pale gazetini walimwita Wino, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa safi, na alishalizoea jina hilo hata akipokea simu anasema, "Wino hapa." Kazi ya dada huyu ilikuwa kuchora katuni za siasa. Na alikuwa mwoga. Jamani, msione mtu anachora matumbo ya wakubwa mkadhani ana moyo wa chuma! Katuni ikitoka, siku hiyo chai haimpiti kooni. Mlango wa ofisi ukisukumwa kwa nguvu, yeye anashika kiti kwa mikono miwili.

Mhariri wake alikuwa mwoga kumzidi, ila yeye uoga wake aliuita busara. Siku moja baada ya kupigiwa simu na watu asiotaka kuwataja, alikuja akainamia meza ya Wino.

"Nichoree mheshimiwa ambaye hayupo," akasema. "Asifanane na waziri, asifanane na mbunge, asifanane hata na diwani. Asiyekuwepo hawezi kutupeleka mahakamani."

Rahisi kusema. Wino alikaa na penseli asubuhi nzima. Akichora pua, inageuka ya waziri. Akifuta achore kidevu, loo, kidevu cha spika hicho hapo! Mchana, alipochoka kufikiri, mkono ukaenda wenyewe: masikio yaliyochomoza, paji pana, shavu moja nene kuliko jingine, miwani iliyoteremka hadi ncha ya pua. Akamvika suti, akamnyanyulia kidole kimoja juu, akamwandikia maneno: "Suala hilo tunalifanyia kazi." Mhariri alicheka mpaka akatoa kitambaa. Wakambatiza Mheshimiwa Baadaye.

Gazeti lilipotoka mtamboni, Wino akalitazama vizuri. Uso ule ulikuwa wa kaka yake.

Na si ajabu, maana ndio uso aliojifunzia kuchora. Wazazi walipofariki ni kaka huyo aliyemlea, na jioni alikuwa anajikalisha mbele ya mdogo wake na kumwambia, "Nichore mimi, mimi sina haraka." Alimchora mpaka mkono ukaukariri uso ule kama njia ya nyumbani. Sasa kaka alikuwa mtunza stoo wa hospitali, mtu wa maboksi na funguo, mpole, hana neno na mtu. Magazeti hakuyasoma, aliyatandika chini ya chupa za dawa. "Atajuaje?" Wino akajifariji.

Ingeishia gazetini ingekuwa afadhali. Redio ikamchukua Baadaye, ikampa sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Kila asubuhi wasikilizaji wanapiga simu kumlalamikia kuhusu mabomba makavu, naye anawajibu kwa upole kwamba suala lao analifanyia kazi. Televisheni ikamtengeneza kwa sponji, mwanasesere mkubwa mwenye masikio ya kupepea. Halafu simu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana uso ule ukawa kibandiko cha kutumiana. Mke akimuuliza mume lini atatengeneza kitasa, mume anamrudishia uso wa Baadaye na kidole juu. Fulana nazo zikaingia mitaani.

"Siku hizi watu wana adabu," kaka alisema Jumapili moja walipokuwa wanakula kwake. "Nikipita kwa kinyozi wananisimamia. Wananiita mheshimiwa. Nadhani ni hizi mvi."

Wino alipaliwa na maji. Wifi yake, mke wa kaka, alimpiga mgongoni taratibu huku akimkazia macho. Mwanamke yule alikuwa na simu, na simu ina vibandiko. Macho yalisema, na Wino aliondoka bila kumaliza sahani.

Tangu hapo kila akimchora Baadaye alijaribu kumpunguza masikio. Mhariri akarudisha karatasi. "Huyu si yeye! Watu watasema tumetishwa." Wino akaomba amuue basi, amfanye astaafu, aanguke na ndege, lolote. Mhariri akamtazama kama mtu aliyeomba kuchoma ofisi. Gazeti lilikuwa linanunuliwa kwa ajili ya Baadaye.

Waziri wa kweli akaja hospitalini kufungua wodi mpya, na kamera zake. Wafanyakazi wakapangwa mstari, kaka akiwa mbele na tai yake na funguo zake. Waziri akaulizwa na mwandishi mmoja vitanda vitakuja lini. Akasema, "Suala hilo tunali..." Hakumaliza. Mtu mmoja nyuma alimwona kaka amesimama ubavuni pa waziri, miwani puani, akapiga kelele, "Baadaye huyo!" Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Manesi walicheka, wagonjwa wenye dripu walicheka, mpaka walinzi wa waziri walitazama chini kuficha nyuso zao. Kaka peke yake hakujua kinachochekwa, akatabasamu kwa heshima. Waziri alimwona anatabasamu.

Kesho yake wifi akapiga simu. "Wifi, kaka yako amesimamishwa kazi. Wamemnyang'anya funguo. Wanasema alipandikizwa pale makusudi kumdhihaki waziri, na kamati itamhoji. Amekaa tu sebuleni, hajui kosa lake." Kisha akauliza, "Wewe unalijua?"

Wino alilijua, na likamla. Miaka yote ya kazi ya kaka, kisha afukuzwe kwa sababu ya masikio! Njia nzima alirudia maneno ya kuomba msamaha. Alimkuta kaka amekaa na gazeti mapajani, limefunguliwa ukurasa wa katuni.

"Nimejiona," kaka akasema.

Wino akapiga magoti. "Nisamehe, kaka. Sikukusudia, mkono ulienda wenyewe. Nitakwenda mbele ya kamati nitasema ni mimi. Wanifunge mimi."

Kaka alivua miwani, akaisogeza picha karibu. "Yaani huyu ndiye wanayemsimamia kwa kinyozi," akasema polepole. "Si mimi." Kilichomuuma Wino ni kwamba hakukasirika. Angemgombeza angepumua. "Nyanyuka. Kwenye kamati nitakwenda mwenyewe."

Siku ya kamati Wino alifika hospitalini mapema. Akakuta lango limejaa watu. Manesi wa zamu ya asubuhi, ndugu wa wagonjwa, wauza fulana, na kila fulana uso wa kaka. "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" Kwa mara ya kwanza alisikia wakilitamka bila kucheka. Ndani, wanakamati walichungulia dirishani, wakaona kamera zinafika, na kikao kikafa kabla hakijaanza. Kaka akatoka na funguo zake mkononi. Wino alilia kwa furaha hadharani, bila haya.

Watu wakataka aseme neno. Mtu wa stoo, hajawahi kuhutubia hata kikao cha ukoo! Akapanda ngazi ya lango, akaanza. Na alisema vizuri, jamani, alisema kuhusu vitanda, kuhusu dawa zinazoandikwa zimefika na hazijafika, mambo aliyoyaona kwa macho. Kisha, katikati ya maneno, akanyanyua kidole kimoja juu. Wino akaacha kulia. Maisha yake yote kaka hakuwahi kunyanyua kidole namna hiyo. Kidole kile alikibuni yeye, mezani kwake. Umati ukalipuka kwa shangwe, na kaka akakinyanyua tena.

Chama kikamfuata kabla wiki haijaisha. Kwa nini kisimfuate? Uso unajulikana nchi nzima bila kubandika hata bango moja. Stoo akaiacha, akagombea ubunge, na mikutano yake ikajaa. Kwenye mkutano mmoja aliahidi wodi tatu, na jirani zake jukwaani walikuwa wakubwa waliokula fedha za vitanda vya ile wodi mpya. Mhariri akamtazama Wino. "Sasa yupo," akasema. "Ni mgombea kama wengine." Wino alichora: kaka katikati ya mabwana wale, wote wamelala kwenye vitanda vya hospitali, wanakoroma. Ilikuwa katuni ya kweli, na ndiyo bora aliyowahi kuchora.

Kesho yake baada ya katuni kutoka, alasiri, mlango wa chumba chake ulibishwa. Kaka, na wanaume wawili waliochomekea mashati. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kuchorea, akaanza kupekua karatasi bila kuuliza.

"Ile ya jana haikunifurahisha," kaka akasema, amebaki wima.

"Lakini kaka, si ni kweli? Wewe mwenyewe ulisema kuhusu vitanda."

"Nilisema nikiwa stoo. Sikukatazi kuchora, mdogo wangu. Chora. Wachore wengine."

"Na mhariri akitaka wewe?"

"Mwambie tumeongea." Alimshika bega, kwa upole uleule wa siku zote, na ndio uliomtisha. "Mimi ni damu yako, nakuelewa. Hawa hawakuelewi. Sitaki yakupate mabaya."

Yule wa mezani alikunja karatasi mbili, akazitia mfukoni. Wakatoka. Wino alisimama akisikiliza viatu vyao vikishuka, kisha akakimbilia mlango akasukuma komeo, haraka, kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Chuma kililia jengo zima. Kwenye ngazi, viatu vya mtu mmoja vilisimama. Alivijua ni vya nani. Kisha vikaendelea kushuka.