Mifuko Mitatu ya Mzee Kahindi

Asubuhi ile nilikuwa nikipima watoto uzito katika zahanati yetu, ndani zaidi ya Kakuyuni. Kina mama walikuwa kwenye benchi wakimcheka mtoto aliyekojolea mizani. Mzee Kahindi alifika na mkewe Dama kuchukua dawa za presha. Moyo wake ulikuwa dhaifu, na jioni miguu ikimvimba. Nikamkanya tena juu ya chumvi.

"Sista, chumvi umeninyima, tumbaku umeninyima. Sasa imebaki mke."

"Huyo namwachia, mzee wangu," nikamjibu. Dama akamfinya mkono.

Namshukuru Mola kwa kutujalia kicheko kile.

Ugomvi wa malisho ulikuwa umeanza ng'ambo ya mto Sabaki. Tulisikia nyumba zimechomwa, tukasema ni mbali. Siku ya tatu baada ya kliniki, wenye bunduki waliingia kijijini kwetu. Daktari alikuwa Malindi na barabara imefungwa. Nilibaki peke yangu.

Majirani walimleta Mzee Kahindi juu ya kitanda cha kamba, risasi imepita pajani. Nilimfunga jeraha mpaka damu ikasimama, kisha nikamtia dripu. Mfuko wa kwanza niliuacha uende mbio, kwa kuwa alikuwa amevuja damu nyingi na mapigo yake yakipotea chini ya kidole changu. Presha ilipopanda, nikatundika wa pili, nikakaza kigurudumu cha mpira ili maji yapungue mwendo, nikahesabu matone kwa saa yangu ya mkono. Maji yakipungua mwilini, figo huacha kufanya kazi. Yakizidi, moyo dhaifu hushindwa kuyasukuma, nayo hujaa mapafuni. Kwa hiyo muuguzi huangalia yaingiayo na yatokayo, na mkojo kwake ni habari njema.

Mzee alifumbua macho, akautazama mfuko.

"Ni maji gani haya?"

"Maji ya chumvi."

"Dama, umesikia? Mdomoni kanikataza, sasa anipitishia mkononi!"

Milio ya bunduki ikaanza tena, upande wa kisima.

Katika chumba cha pili palikuwa na mama anayejifungua. Mtoto alikuwa ameshaonekana kichwa.

Nikamwambia Dama, "Keti naye. Usiondoke."

Hilo tu. Sikumwambia kwa nini matone yanakwenda polepole.

Risasi zilipiga mabati. Nilimpokea mtoto nikiwa nimepiga magoti sakafuni, mama yake amelala chini ya dirisha. Nikasoma aya niliyozoea.

Kisha kimya.

Niliporudi, mfuko wa pili ulikuwa mtupu. Wa tatu, niliouacha kando ya kitanda, ulikuwa umetundikwa, nao umebaki robo. Kigurudumu kilikuwa wazi kabisa.

"Nimekusaidia, dada," Dama akasema. "Damu imemwagika beseni zima, nawe wamrudishia kwa matone?"

Alikuwa amenitazama nikibadilisha, akashika kazi. Hakukosea hata mahali pa kuchomeka mpira.

Nikafunga maji. Mzee alikuwa akihema mdomo wazi, kifua kinachemka kama chungu. Nikamkalisha, miguu ining'inie. Nikampa sindano ya kutoa maji, nikamwekea chombo, nikangoja mkojo. Ulikuja kidogo, haukutosha. Hewa ya mtungi hatukuwa nayo. Kabla ya alasiri alikata roho, ameegemea bega la mkewe.

"Maji yamechelewa," Dama alisema.

Nikanyamaza. Nilijiambia nampunguzia uchungu.

Baada ya siku chache askari walifika, barabara ikafunguliwa. Nilikwenda mazishini na mchele na sukari, nikaketi na wanawake, nikarudi kwangu Mambrui. Miaka ikapita. Nikastaafu. Kila niliposujudu nilimwombea mzee yule, na kila nilipoinuka nilijua kuna neno sijalitoa. Mtoto aliyezaliwa siku ile yu hai, alhamdulillahi. Lakini uhai wake haukunilipia kimya changu.

Mwaka jana nikapanda gari kwenda kwa Dama. Alikuwa akichambua mchicha uani. Nikamweleza yote: kwamba maji hayakuchelewa, yalizidi, kwamba moyo wa mumewe haukuyaweza, kwamba kosa ni langu, niliyemwachia kigurudumu bila kumfundisha.

Aliendelea kuchambua hadi sinia likajaa.

"Kifua chake nilikisikia," akasema. "Nami niliona vile ulivyokimbilia kufunga. Nilijua ni mkono wangu. Sikujua ni kwa nini, na hapakuwa na wa kumwuliza."

Kwa miaka yote hiyo nilidhani nimembebea mzigo, kumbe nilimwacha aubebe peke yake.

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe, nami sikumhimiza. Alifuta mikono kwa leso, akasogea upande mmoja wa mkeka.

"Keti, dada," akasema. "Leo ndipo ulipokuja kuhani msiba."