Maziwa ya Nyuma ya Pazia

Binti yangu alizaliwa mzima machoni pa wote, mpaka alipowekwa ziwani anyonye. Alivuta, akakosa, akavuta tena, na kile kidogo alichopata kikamtokea puani. Mkunga akamfungua kinywa, akamulika kwa tochi, akaniambia kaakaa limepasuka. Huyu hatanyonya mpaka ashonwe, alisema, na hashonwi kabla ya kujua kutembea.

Hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi, Busia, upande wa Uganda. Daktari Mhindi wa Tororo, ambaye watu walimsifu kwa kushona, alikuwa amekwisha kufukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. Maziwa ya kopo yaliingia kwa magendo, na mara nyingi yalikuwa yamechanganywa na unga wa muhogo. Basi nikaanza kukamua.

Mama mkwe wangu, mjane wa dereva wa malori, alikuwa na sheria moja. Maziwa ya mama yakishatoka mwilini, yasionwe na jicho lolote, hata la mtoto mwenyewe. Mtoto akiyaona kabla hayajafika kinywani, alisema, atayasusa. Akatundika pazia chumbani. Mimi nilikaa ndani na kikombe cha bati, yeye akakaa nje na mtoto mapajani, amemwinua kichwa kidogo asipaliwe. Nilipomaliza ziwa moja nilipitisha kikombe chini ya pazia kimefunikwa kitambaa, nikaendelea na la pili. Yeye akalisha kwa kijiko. Siku za mwanzo nilijaribu kulisha mwenyewe, nikajaza kijiko mno, mtoto akapaliwa hadi akawa wa buluu. Sikubishana tena.

Ziwa ni kaidi. Linamtaka mwenyewe, halitaki vidole. Kuna asubuhi nilikamua mpaka vifundo vya mkono vikauma na kikombe kikabaki kimelowa tu. Nikajifunza kuchukua nguo ya mtoto, ile iliyotoka kuvuliwa, nikaizika pua humo. Hapo maziwa yalishuka. Mtoto alikuwa hatua chache kutoka kwangu, nikimsikia akimeza, nami nanusa nguo yake kana kwamba amesafiri.

Nilimwonea wivu mama mkwe, wala sioni haya kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini tabasamu lile la shibe aliliona yeye kwanza. Sokoni nako wanawake waliotoka kijiji cha Lumino walipima samaki huku watoto wamening'inia matitini, hata hawawatazami. Mmoja alinilalamikia kwamba wake ameota meno na anamng'ata. Nilimpa pole, nikaondoka bila kununua samaki. Nilitamani kung'atwa.

Mtoto alipoanza kutembea, habari zikaja kwamba upande wa Kenya, katika hospitali ya wamisheni, yuko mtu wa kushona. Tukaondoka mimi, mama mkwe na mtoto mgongoni. Kwenye kizuizi cha wanajeshi mpakani foleni haikusogea. Jua likapanda, maziwa yakajaa, blauzi ikaanza kulowa. Mama mkwe akamkabidhi mtoto kwa mwanamke aliyekuwa mbele yetu, akanikalisha chini, akanifunika khanga mbili na kusimama mbele yangu. Nikakamua kwenye kikombe palepale vumbini.

Kwingineko Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Kwetu kilikuwa cha soko, ila kikitoka kinywani mwa mwanajeshi tuliinamisha macho vilevile.

"Nyinyi naficha nini huku?"

"Chakula ya mtoto," mama mkwe akajibu.

Mwanajeshi akainua khanga kwa fimbo. Akaniona, akaangalia pembeni. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama, akaona asirudi mikono mitupu. Akaniamuru ninywe, ajue si pombe. Nikanywa. Yalikuwa ya vuguvugu, matamu kuliko nilivyodhani. Muda wote ule sikuwa nimewahi kuyaonja. Tukaruhusiwa kupita, na mama mkwe akakifunika kikombe haraka. Jicho la mtu lilikuwa limeyaona maziwa.

Mtoto alishonwa, akapona. Kule wodini nilikamua usiku na mchana, mama mkwe akalisha. Sikutaka yakauke sasa, baada ya yote hayo. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliniambia kinywa kiko sawa, nijaribu kumnyonyesha nikifika nyumbani.

Nyumbani nilioga, nikajifunga khanga safi, nikakaa mkekani katikati ya chumba, mahali pa wazi. Nikampakata binti yangu, nikamwonyesha ziwa. Maziwa yalikuwa yakidondoka yenyewe. Aligusa chuchu kwa kidole, kama mtoto anavyomgusa mbuzi wa jirani. Akacheka kidogo. Kisha akateremka mapajani mwangu, akatembea kwa bibi yake, akajilaza mikononi mwake pale pale alipozoea, akafungua kinywa.

"Si mimi, mama," bibi yake alimwambia. "Maziwa hii iko ya mama yako. Huyu hapa."

Mtoto alibaki amefungua kinywa, akimtazama yeye.

Mpaka anaingia kaburini, mama mkwe alilaumu jicho la yule mwanajeshi. Nami nilimwachia, kwa sababu alinitunzia mtoto na nilimpenda. Lakini binti yangu hakususa kitu. Tulimficha maziwa tangu siku ya kwanza, na kwake yalitoka mkononi mwa bibi. Kwamba yalikuwa yangu hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Siku ile mtoto alikuwa na njaa na alikuwa ameanza kulia. Niliinuka mkekani, nikachukua kikombe, nikaingia nyuma ya pazia.