Nilimlazimisha mjukuu wangu ajitoe kwenye udaktari wa mifugo

Nyie vijana mnaosubiri kujaza maombi ya chuo, na simu mmeshaishika mkononi, kaeni chini kwanza.

Humu mnaitana wakuu. Mimi ni bibi, nitawaita wajukuu, anayekasirika akasirike. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo naandika polepole na nyie someni hivyo hivyo. Sitapunguza neno ili nionekane mzuri.

Naishi upande wa Kibaoni, huku Katavi. Sisi ni Wasukuma, tulihamia na ng'ombe wetu watoto wangu wakiwa bado wanatambaa. Tunalima mpunga na mahindi.

Mjukuu wangu anaitwa Milembe. Mama yake ni binti yangu, yuko Ikola ziwani anaanika dagaa, aliniachia Milembe meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Nimemlea mimi. Kwenye nyumba hii nikisema kaa, mtu anakaa.

Milembe alisoma PCB, ile michepuo ya sayansi, mpaka kidato cha sita, akafaulu. Si kufaulu kwa kutisha, lakini alifaulu. Mwalimu wake wa Biology akamshauri aombe vyuo zaidi ya kimoja. Ajaze udaktari wa watu, ajaze wa meno, na mwisho ajaze wa mifugo, maana wanaougombania ule wa watu ni wengi mno. Akaenda steshenari pale sokoni, kijana mwenye kompyuta akamjazia.

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu. Daktari.

Nikatangaza. Kanisani, mnadani, kwenye mashine ya kusaga, kote nimesema mjukuu wangu anakwenda kuwa daktari. Ikafika mahali watu wakaanza kunionyesha vidonda vyao mimi.

Selection ilipotoka, yale majina ya waliochaguliwa, Milembe alikuja mbio kutoka sokoni, kandambili kazishika mkononi. Amepata chuo. Amepata veterinary.

Nikamuuliza hiyo ni sehemu gani ya mwili.

Akacheka sana. Akasema ni udaktari wa mifugo, bibi.

Sasa muelewe. Huku kwetu daktari wa mifugo tunayemjua ni yule mtu wa pikipiki mwenye kiboksi cha dawa nyuma. Anakuja, anachoma sindano, anaondoka. Ng'ombe akifa anasema mlichelewa kuniita. Mimi sikujua kwamba kuna mtu anakaa chuo kikuu miaka mitano kwa ajili ya ng'ombe.

Kesho yake nikapeleka mahindi mashine. Habari ilishanitangulia. Jirani yangu Mama Kulwa akasema mbele ya wanawake wote, "Kumbe miaka yote hiyo mtoto anasomea kuogesha ng'ombe? Si angekuja tu joshoni, tungemfundisha bure."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga unga. Nikabeba ndoo yangu nikaondoka bila kuaga.

Nilipofika nyumbani nikamwita Milembe. Nikamwambia hatukukusomesha ili urudi kwenye mavi tulikokutoa. Hiyo achana nayo, uombe ya watu. Hata ya meno nakubali, meno nayo ni ya watu.

Akasema taratibu kwamba akijitoa anaweza kukosa vyote.

Nikamwambia, mimi ndiye niliyekulea.

Kwetu neno hilo likishasemwa hakuna lingine linalofuata. Akasema sawa bibi.

Nikaenda naye mwenyewe steshenari, nisije nikadanganywa. Kijana wa kompyuta akamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Milembe akanitazama mimi.

"Bonyeza," nikasema.

Kijana akabonyeza.

Dirisha la pili la maombi likafunguliwa, akaomba ya watu na ya meno. Majina yakatoka, lake halipo. Dirisha la tatu akataka kurudi kwenye mifugo, kile chuo kimejaa. Nafasi aliyoiacha ilishachukuliwa na mtoto wa mtu mwingine. Huyo hana kosa, asome salama.

Wenzake wakapanda basi na mabegi yao. Milembe akashika jembe.

Mvua zilipochanganya, ng'ombe wetu mmoja mwekundu alishindwa kuzaa. Mwanangu Masanja akampigia yule mtu wa pikipiki. Akaja, akaingiza mkono, akavuta, akavuta tena. Tukapoteza ng'ombe na ndama. Muda wote Milembe alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amekishika kichwa cha yule ng'ombe.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamuuliza kama angekwenda chuo angeweza kumwokoa.

"Mwaka wa kwanza bado hawafundishi hilo, bibi," akasema. "Ila ningekuwa nimeshaanza."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Hapo bado sijafika kwenye kilichonimaliza.

Juzi nilikwenda kwa yule kijana wa steshenari kumuuliza mwaka huu maombi yanaanza lini. Akanitazama kama mtu anayepima kama aseme au anyamaze. Akasema. Kumbe Milembe hakuifuata ile orodha ya mwalimu. Kwenye chuo kile kilichomchukua, mifugo aliiweka ya kwanza kabisa. Alimwambia huyo kijana hiyo ndiyo anayoitaka, hizo za watu anazijaza kwa ajili ya bibi yake.

Nilikaa kwenye benchi la pale. Watu wakaja wakatoa fotokopi, wakaondoka, wakaja wengine.

Huyu mtoto tangu akiwa mdogo ndiye aliyekuwa anachungulia zizini kabla hajanawa uso. Ndama akizaliwa dhaifu ni yeye anayemshikia chuchu. Mimi mwenyewe nilimfundisha. Na hata siku moja sikumuuliza anataka kuwa nini.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza. Alikuwa anapepeta mchele.

"Mwaka huu unataka kujaza nini, mama?"

"Utakachosema wewe, bibi."

Alisema kwa heshima kabisa, vile nilivyomfundisha. Akaendelea kupepeta.

Daftari lake la Biology liko jikoni, wanachana karatasi wanawashia moto. Nimelitoa mara mbili nikaliweka juu ya kabati. Mara mbili nimelikuta limerudi jikoni, na anayelirudisha ni yeye. Limebaki nusu.

Sina mengi ya kuwafundisha. Ninachojua sasa ni kwamba mimi nilikuwa nataka kwenda mashine nikiwa nimenyoosha shingo, na mtoto wa watu ndiye amelipia. Nyie mliolelewa na watu wakali kama mimi, msiseme sawa bibi wakati siyo sawa. Tutapiga kelele, tutasusa chakula, mwisho tutanyamaza. Milembe ndiye aliyenyamaza, na simsikii tena.

Mnaojua haya mambo niandikieni hapa chini. Mtu aliyejitoa mwaka jana anaruhusiwa kuomba tena kitu kile kile? Kuna ambaye ameshafanya hivyo akapata? Semeni ukweli, hata kama ni mbaya. Pole msiniandikie, hazitanisaidia.

Jana asubuhi nimewaita wote wa nyumba hii, Masanja na mkewe na wadogo. Milembe alikuwa mtoni. Nikawaambia hivi: siku dirisha likifunguliwa, nipakieni kwenye gari la Ikola nikaanike dagaa na binti yangu mpaka dirisha lifungwe. Na Milembe akimuuliza mtu yeyote humu ndani ajaze nini, asijibiwe.