Tarakimu za Mwisho

Mama mdogo ni fundi cherehani, na ni pacha wa mama yangu. Mama ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na tangu hapo mwenzake akawa mtu wa kumfuata nyuma kila mahali. Hata siku ya kuandikishwa vitambulisho alisimama nyuma ya dada yake kwenye foleni. Ndiyo maana namba zao, ndefu kama treni ya mizigo, zinafanana kote isipokuwa tarakimu ya mwisho.

Mama alifariki mwaka jana. Mwaka huu mama mdogo alipozidiwa na mtoto wa jicho, nikampeleka hospitali apangiwe upasuaji. Karani akachapa namba yake, akaitazama skrini, akamtazama yeye.

“Shikamoo mama. Samahani, lakini hapa inasema umefariki.”

“Marahaba. Nimefariki lini, na nguo za watu sijazimaliza?”

Tulicheka sote. Hicho kicheko ndicho kitu pekee tulichokipata pale.

Kumbe namba ikiwa kubwa kupita kiasi, kompyuta yao hushika tarakimu za mwanzo tu, za mwisho huzigeuza sifuri. Mapacha wakawa mtu mmoja, na mtu huyo ni marehemu. Karani, mpole hata nikakosa wa kugombana naye, akaifuta namba, akaiandika upya huku akiitamka. Alipobonyeza, sifuri zikarudi palepale.

“Si uandike kwa mkono!” nikafoka.

“Dada yangu, asiyekuwemo kwenye mfumo hapangiwi daktari. Na mfumo uko makao makuu, mimi siugusi. Nimewapigia simu, wanasema tusubiri.”

Nilitamani kuvunja kitu. Mama mdogo akainama kwenye dirisha la karani.

“Mwanangu, kama mashine haiwezi kututenganisha mimi na dada, mbona isiseme wote tuko hai?”

Karani akainua tena simu ya makao makuu.

Tumerudi pale mpaka mlinzi anatusalimia kama ndugu. Jibu ni lilelile, na macho hayajui kusubiri makao makuu. Zamani mama mdogo alitunga uzi huku akipiga soga, bila hata kuitazama sindano. Siku hizi huniita nimtungie, nami roho inaniuma kila mara.

Jana aliniita tena. Nikaipokea sindano mkononi mwake, nikakuta ina uzi tayari. Nikakaa nayo kidogo, nikijifanya natunga, kisha nikamrudishia.

“Ahsante mwanangu,” akasema. “Wewe bado unaona.”